Mchagua Jembe si Mkulima? Tafakuri Kuhusu Ununuzi wa Tuktuk Likoni

Wahenga wetu walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Walinena pia kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hizi mbili tumezisoma tangu shule ya msingi, tukazitungia insha na kuzitolea mifano mitihanini, na kila mara fafanuzi zetu zimekuwa zile zile: kwamba mtu hodari hufanya kazi kwa zana yoyote aliyo nayo, na kwamba anayechagua mno huishia kupata kilicho duni. Katika makala haya ninakusudia kuziuliza methali hizi swali moja. Je, mkulima ambaye maisha yake yote atanunua jembe moja tu, tena kwa fedha ambazo hatazipata mara ya pili, naye pia asutwe akichagua? Swali hili halikunijia maktabani. Lilinijia Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko, katika miezi ambayo jamaa zangu walikuwa wakishauriana kuhusu tuktuk mpya: inunuliwe ya kampuni ipi?

Msomaji asiyeijua Mombasa huenda akadhani kwamba mji ni kisiwa peke yake, yaani Ngome Kuu, Mji wa Kale, Makadara na Kizingo. Ukweli ni kwamba wakazi wengi wa kaunti hii wanaishi bara: Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Changamwe na Jomvu upande wa magharibi, na Likoni upande wa kusini. Kisauni imeunganishwa na kisiwa kwa Daraja la Nyali, na Changamwe kwa njia ya Makupa. Likoni hutenganishwa na kisiwa kwa mlango wa bahari unaovukwa kwa feri. Katika sehemu zote hizi matatu hufuata barabara kuu, na abiria akishashushwa stejini huwa bado ana safari mbele yake: kutoka feri hadi Mtongwe, Timbwani au Shika Adabu; kutoka Kongowea hadi ndani ya Kisauni; kutoka Magongo hadi Chaani au Port Reitz. Safari hiyo fupi ndiyo shamba la tuktuk. Chombo hiki cha magurudumu matatu hubeba dereva na abiria watatu, hupenya mahali ambapo matatu haiwezi kugeuka, na usiku wa manane ndicho kinachomfikisha mjamzito hospitalini.

Mombasa si mgeni wa vyombo vidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwani palikuwa na reli nyembamba, na juu yake vigari vidogo vilivyosukumwa na vibarua huku wenye uwezo wakiwa wameketi. Vigari vile vilitoweka; mkokoteni ukabaki, na hadi leo unaonekana Kongowea na Mwembe Tayari. Tuktuk ilipoanza kuenea katika miaka ya 2000, ilikuta mji uliokwisha kuzoea kusukumwa, kuvutwa na kubebwa kwa kila namna. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu wa kawaida aliweza kutamani kukimiliki chombo hicho.

Mmoja wa waliotamani ni mjomba wangu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mfanyakazi wa yadi moja ya makasha huko Changamwe. Kila alfajiri alivuka feri, akashika matatu ya Magongo, na jioni akarudi kwa njia ile ile. Mnamo Agosti 2019 mamlaka ziliagiza kwamba shehena zote zinazokwenda Nairobi na maeneo ya bara zisafirishwe kwa reli mpya ya SGR. Kazi za malori na yadi zikaanza kunywea, na mwaka huo huo wakazi wa Mombasa waliandamana barabarani wakilalamikia riziki zao. Utaratibu huo ulikuja kubatilishwa Septemba 2022, lakini kwa mjomba maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Aliachishwa kazi mapema mwaka 2020, akapewa kiinua mgongo, na punde si punde janga la Korona likaingia. Ilipofika mwaka 2021 fedha zile zilikuwa zimeanza kuliwa kidogo kidogo: karo huku, matanga kule, unga kila siku. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja. Siku moja alitangaza mbele yetu kwamba kilichosalia hakitaliwa tena. Kitanunua chombo, naye atakiendesha mwenyewe.

Uamuzi wa kuendesha mwenyewe haukuwa mdogo. Katika biashara hii mwenye chombo huitwa tajiri, hata kama hana kitu kingine chochote duniani, na dereva humpelekea hesabu kila jioni. Hesabu ni kiwango kilichokubaliwa. Kinachozidi, baada ya kutoa mafuta, ni cha dereva. Siku ambayo chombo kimelala gereji, hakuna hesabu wala kizidio. Mjomba alitaka kuwa tajiri na dereva kwa pamoja, ili hasara na faida vyote vimfike mtu mmoja. Kwa hiyo ubora wa mashine aliyokuwa akiinunua ulikuwa ndio mshahara wake, ndio bima yake, na ndio pensheni yake.

Aliniita mimi kwa sababu mbili. Kwanza, alisema, mimi ni msomi na vipeperushi vya wauzaji vimeandikwa kwa Kiingereza. Pili, nilikuwa likizoni na sikuwa na kazi. Akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wana maneno mengi. Wewe ndiwe mwanafunzi wa maneno. Nitafutie ukweli ulio tini yake." Nikakubali, na nikaanza pale ambapo mwanafunzi wa lugha hupenda kuanzia, yaani kwenye majina.

Kampuni tatu ndizo zilizokuwa midomoni mwa watu: Piaggio, Bajaj na TVS. Piaggio ni ya Italia. Ilianzishwa mwaka 1884 na Rinaldo Piaggio, ikajishughulisha na vifaa vya meli, kisha reli, kisha ndege. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, kampuni iligeukia vyombo vya watu wa kawaida. Mhandisi Corradino D'Ascanio, ambaye hapo awali alibuni ndege, alibuni pikipiki ya Vespa mwaka 1946, na mwaka 1948 kikafuata chombo cha magurudumu matatu kilichoitwa Ape. Kwa Kiitaliano vespa ni nyigu na ape ni nyuki. Aliyetoa majina hayo alikuwa mtu mwenye sikio la mshairi: mmoja anavuma na kuzunguka, mwingine anafanya kazi na kubeba.

Bajaj ni jina la ukoo wa wafanyabiashara wa India, ukoo wa Jamnalal Bajaj, aliyekuwa mfuasi wa karibu wa Mahatma Gandhi. Kampuni yao ya magari ilipata leseni ya Piaggio mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaanza kutengeneza vyombo vya Kiitaliano katika ardhi ya India, na leseni hiyo ilipokoma mwaka 1971 ikaendelea kwa jina lake. TVS nayo ni herufi za mwanzo za jina la T. V. Sundaram Iyengar, aliyeanzisha biashara yake ya usafiri kusini mwa India mwaka 1911. Tuktuk yao iitwayo King iliingia sokoni mwaka 2008. Jambo hili lilinishangaza. Vijana wa stejini waliokuwa wakibishana hadi mishipa ya shingo kuwatoka, huyu wa Piaggio na yule wa Bajaj, walikuwa wakigombea ndugu wawili wa tumbo moja. Fauka ya hayo, Piaggio yenyewe ina kiwanda huko Baramati, katika jimbo la Maharashtra, jimbo lile lile ambalo ni makao ya Bajaj. Mwitaliano na Mhindi wamekuwa majirani.

Hapa pana jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tusingeweza kulipita. Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga na kuingia Tanzania, chombo hiki huitwa bajaji, hata kikiwa kimetengenezwa na Piaggio au TVS. Jina la ukoo limekuwa nomino ya kawaida, likapokea irabu ya mwisho, likaingia katika sarufi yetu bila kuomba ruhusa. Si ajabu. Sisi wenyewe upande wa Kenya tuliita matatu ya abiria kumi na wanne Nissani hata ilipokuwa Toyota, na hadi leo tunapiga viatu kiwi bila kujali kopo limeandikwa nini. Lakini tuktuk hatukuiita kwa jina la mtu. Tuliipokea kwa tanakali ya sauti iliyotoka mbali, huko Thailand, ambako watu waliusikia mlio wa injini ndogo na kuuiga. Aidha, neno hilo limekataa kufuata desturi yetu ya silabi wazi. Wapo wasemao tukutuku, lakini walio wengi Mombasa huliacha lilivyo, likafungwa kwa konsonanti mara mbili kama injini inayokataa kuwaka.

Tofauti hii ya majina si ya kuchezea mnunuzi anapoingia dukani. Anayekiita chombo bajaji amekwisha kupewa nusu ya jibu kabla ya kuuliza swali. Anayekiita tuktuk anabaki huru, kwa kuwa sauti haina mmiliki. Nilimweleza mjomba hoja hii kwa furaha kubwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Vyema. Sasa twende tukatizame chuma."

Tukaenda kutazama chuma. Nitaeleza kwa ufupi niliyojifunza, kwa maana mambo haya ni muhimu na hayamo katika vitabu vyetu. Piaggio iliyojulikana zaidi kwa madereva tuliozungumza nao ni ile ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo huwa nzito na yenye kishindo, lakini hutumia mafuta kwa uchache na huvuta mzigo kwa nguvu hata ikienda polepole. Bajaj na TVS tulizoziona zilikuwa za petroli, silinda moja, ujazo wa karibu sentimita 200. Injini yake huwashwa na cheche ya plagi, ni nyepesi, hutetema kidogo, na sehemu zake nyingi zinafanana na za pikipiki ambazo kila fundi wa mtaani amezifungua na kuzifunga mara nyingi. Kampuni zote tatu hivi leo zina pia aina za umeme, ila wakati ule hatukumkuta dereva yeyote ambaye angetusimulia uzoefu wake.

Tulipofika stejini kuuliza maoni, tulikuta kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hata hivyo, baada ya siku kadhaa nilianza kuona kwamba sifa zile hazikuwa za ushabiki mtupu. Zilifuata ardhi. Madereva wa Magongo na Chaani, ambako kuna vilima na abiria wenye mizigo ya sokoni, waliisifu dizeli kwa sababu haikati pumzi katikati ya mwinuko. Wa Kongowea walizungumzia zaidi uimara wa bodi, maana abiria wao huja na magunia. Wa Likoni, ambao safari zao ni fupi na nyingi, walitaka injini inayowaka upesi na kuzimwa mara hamsini kwa siku bila kulalamika. Kila mmoja alikuwa akisema kweli kuhusu barabara yake. Kosa lingekuwa kuichukua kweli ya Magongo na kuipeleka Timbwani.

Huko huko ndiko nilikojifunza pia kwamba msamiati wa gereji ni tajiri kuliko tunavyodhania. Mafundi walisema gari inakohoa, inachoka, inakunywa, imekataa, imekufa, imefufuka. Darasani tungeyaita haya tashihisi na kuyatafuta katika ushairi. Pale yalikuwa ndiyo lugha ya uchunguzi, na kila neno lilikuwa na maana yake mahususi. Kukohoa si sawa na kukataa: inayokohoa inapata mafuta lakini haipati ya kutosha, ilhali iliyokataa haipati kabisa. Fundi mmoja mzee, mwenye kibanda chake karibu na soko, aliulizwa na mjomba ni ipi bora kati ya hizi tatu. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Chombo hakitizamwi rangi. Tizama tini." Akatuonyesha tuktuk iliyokuwa imeinuliwa juu ya mawe. Sakafu yake ilikuwa imelika kwa kutu. Hewa ya chumvi, maji ya bahari yanayorushwa kwenye gati la feri, na matope ya mvua za mwaka vilikuwa vimeila kutoka chini wakati rangi ya juu ingali inang'aa. Alituambia kwamba kampuni yoyote tutakayoichagua, tuipake chombo dawa ya kutu upande wa chini kabla hakijaingia barabarani. Ushauri huo haumo katika kipeperushi hata kimoja nilichokisoma.

Ilikuwa ni mkaza mjomba aliyelifikisha shauri ukingoni. Yeye huuza mahamri na mbaazi asubuhi, na kwa wiki tatu alikuwa akitusikiliza tukizungumza dizeli na petroli huku akikanda unga bila kusema neno. Jioni moja aliuliza, "Mwanangu, hebu niambie. Ikiharibika, itatengenezwa ng'ambo gani?" Tukanyamaza. Swali lake lilikuwa fupi, nalo lilipanga upya kila tulichokuwa tumekikusanya. Pampu ya dizeli ya chombo kile tulichokuwa tumeanza kukipenda, ikipata hitilafu, huhitaji fundi maalumu, na fundi aliyetajwa na kila mtu alikuwa kisiwani. Kukifikisha chombo kibovu kwake ni kukikokota hadi feri, kulipa nauli ya kivuko ambayo watembea kwa miguu hawalipi lakini vyombo hulipa, kungoja foleni, na kurudi kesho au kesho kutwa. Siku mbili bila kipato kwa sababu ya kasoro ya saa moja. Kwa mtu wa Magongo hesabu hiyo ingekuwa tofauti, kwa kuwa yeye anafika kwa barabara. Kwa mtu wa Likoni, bahari ni sehemu ya injini.

Kwa hiyo tuliuliza upya, mara hii si kuhusu mashine bali kuhusu majirani wa mashine. Ni spea za kampuni ipi zinapatikana upande wetu bila kuvuka? Ni mafundi wangapi wa Likoni wanaoweza kuifungua bila kubahatisha? Ikibidi kuiuza, ni nani hapa hapa atakayeinunua? Majibu yakaelekea kwenye petroli, na katika hizo za petroli yakaelekea kwenye Bajaj, ambayo kibao chake cha spea kilikuwa hatua chache kutoka nyumbani. Sisemi kwamba ni bora kuliko nyingine. Nasema kwamba kwa mtu yule, mahali pale, mwaka ule, ndiyo iliyokuwa karibu.

Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa imefika kwenye lugha. Muuzaji mmoja kisiwani alitupokea vizuri, akatukalisha chini ya feni, akatoa karatasi za kutia sahihi. Zilikuwa kurasa saba za Kiingereza chenye herufi ndogo. Mjomba aliniangalia, nikaanza kumfasiria. Nilipofika kwenye neno la waranti nilitumia lile tunalolikuta katika vitabu, nikasema dhamana. Mjomba akashtuka: "Dhamana? Kwani tuktuk imeshtakiwa?" Tulicheka sote, na muuzaji naye akacheka. Lakini kicheko kile kilikuwa na somo ndani yake. Kwa Mkenya wa kawaida dhamana ni ya mahakamani. Hakikisho hueleweka, ingawa huonekana kama ahadi ya mwanasiasa. Mwishowe tulitumia waranti, maana ndilo neno ambalo mafundi wenyewe hulitumia, na kila mtu akajua tunazungumzia nini.

Kisha nikafika ukurasa wa nne. Hapo palielezwa kwamba waranti itabatilika iwapo chombo kitahudumiwa na fundi yeyote asiyeidhinishwa, au iwapo sevisi itapitiliza kilomita zilizowekwa bila kijitabu kupigwa muhuri. Karakana iliyoidhinishwa ilikuwa kisiwani. Yaani ile faida tuliyoitafuta kwa wiki nzima, ya kuwa na fundi upande wetu, ingeondolewa kwa sahihi moja katika miezi ile ile ambayo waranti ilikuwa na thamani. Nilipomuuliza muuzaji, alisema hiyo ni lugha ya mawakili tu, kila mtu hutia sahihi. Mjomba aliweka kalamu mezani taratibu. Akamwambia kwa heshima, "Bwana, mimi nimetia sahihi nyingi maishani nisizozisoma. Ya mwisho ilinitoa kazini. Hii nitaisoma."

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa jarida hili wasimame pamoja nami kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha pia sheria ya kumlinda mtumiaji. Ukiviweka vifungu hivi viwili pamoja, ni bayana kwamba karatasi isiyoeleweka na mwenye fedha ni pungufu, hata kama kila neno lililomo ni la kweli. Habari ambayo haijaeleweka haijatolewa. Sisi tumezoea kukitetea Kiswahili katika makongamano, kwa kusema kwamba ni lugha ya Afrika, lugha ya umoja, lugha ya utamaduni. Yote hayo ni sahihi. Lakini siku ile nilikiona Kiswahili kikiwa kitu kidogo na kizito zaidi: ukuta kati ya mzee mmoja na kupoteza kiinua mgongo chake.

Tuliondoka bila kununua. Tulikwenda kwa muuzaji mwingine wa chapa ile ile, naye, baada ya mazungumzo marefu, alikubali kuandika kwa mkono tarehe za sevisi za mwanzo na mpango wa fundi wake kuvuka kuja Likoni kwa siku zilizotajwa. Nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo kumi ambayo mnunuzi anatakiwa kuyajua. Muuzaji akaupitia na kuupiga muhuri. Kuhusu fedha zilizopungua, mjomba hakutaka mkopo wa riba. Alitumia utaratibu wa murabaha wa benki mojawapo ya Kiislamu, aina ya benki zilizofungua milango nchini Kenya mwaka 2008. Katika murabaha benki hukinunua chombo yenyewe kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Hata hapo mkataba ulikuwa wa Kiingereza, ila afisa aliyetuhudumia aliusoma wote kwa Kiswahili, kifungu baada ya kifungu, bila kuombwa. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Chombo kilifika. Kilipakwa dawa ya kutu kama alivyoagiza yule mzee, kikaanza kazi kati ya feri na Shika Adabu. Mjomba anaendesha Bajaj halisi, iliyoandikwa hivyo kwa herufi kubwa mbele na nyuma, na hakuna mtu hata mmoja Likoni aliyewahi kuiita bajaji. Kimeshapata hitilafu zake kama vyombo vyote. Klachi imebadilishwa, waya umekatika, na kila mara kimetengenezwa upande wetu wa maji. Awamu za benki zilimalizika kulipwa. Ule ukurasa wa Kiswahili nao ulikuwa na maisha yake. Madereva walikuja kuuomba, wakaupiga fotokopi, wakaurekebisha kwa kalamu. Mmoja aliongeza jambo la kumi na moja: kwamba mnunuzi asiondoke dukani kabla ya kuhakikisha namba ya injini iliyo kwenye chuma ndiyo iliyo kwenye karatasi. Nilipouona tena, niligundua kuwa neno langu huduma lilikuwa limefutwa kila mahali na kuandikwa sevisi. Sikuona sababu ya kubishana.

Kutokana na hayo, nina maombi mawili kwa wanachama wenzangu na kwa walimu wetu. La kwanza, tuwapeleke wanafunzi wa tafsiri na istilahi mahali ambapo maneno yanabeba fedha za watu: karakana, benki, bandari, zahanati. Neno linaloundwa ofisini na kukataliwa gereji limekwisha kufeli mtihani wake. La pili, kila mmoja wetu, anapokwenda nyumbani likizoni, achukue karatasi moja tu ambayo jamaa yake ametakiwa kuitia sahihi, aisome naye kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo haitolewi alama, wala haihitaji ruzuku ya utafiti.

Na zile methali? Sidhani kwamba wahenga walikosea. Mchagua jembe wanayemsuta ni yule anayekaa kivulini akilalamikia mpini ili asilime. Bali yupo mchaguzi mwingine, ambaye mvua zimekaribia na mfukoni ana thamani ya jembe moja. Huyo hageuzi majembe sokoni kwa uvivu. Anauliza ni udongo gani anaokwenda kuulima, ni mhunzi yupi aliye karibu na shamba lake, na ni maneno gani yaliyoandikwa kwenye karatasi anayopewa. Huyo ni mkulima, na ulimaji wake umeanza kabla hajainama.